Taa za Dakota Ndogo

Mjomba wangu alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam miaka ya 1960, enzi za East African Airways. Nilipomaliza modeli yangu ya kwanza ya ndege yenye taa, Dakota ya skeli ya 1:72, niliizungushia kanga kuukuu, nikaitia kwenye boksi la feni na kuipeleka kwake Magomeni ili aione yeye kabla ya mtu mwingine. Tukafunga mapazia, nikazima taa ya sebuleni, nikabonyeza swichi. Madirisha yakawaka, ncha za mabawa zikawaka, mkia ukawaka. Mzee aliitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akanigeukia: "Mjomba, ndege ni yenyewe. Taa ndizo si zake. Zile tulikuwa tukiziona kwa mbali kama kaa la sigara."

Nimeunda modeli nyingi tangu siku hiyo, na kila moja nimeianza kwa swali lililotokana na maneno yale: mwanga mdogo kabisa unaotosha hapa ni upi? Ukilijibu swali hilo vizuri, mengine hujipanga. Mwanga mdogo hula umeme kidogo. Umeme kidogo hutoka kwenye betri ndogo. Betri ndogo huenea tumboni mwa ndege, na ndege hubaki huru, haina waya unaotoka chini yake kwenda ukutani. Utaishika mkononi, utampa mgeni aizungushe aione pande zote, na usiku umeme ukikatika mtaa mzima itaendelea kuwaka juu ya kabati la vitabu. Modeli ya namna hiyo ndiyo ninayotaka uitengeneze, kwa gharama ndogo na bila kuharibu seti uliyoinunua kwa fedha nyingi.

Nitakwenda na Dakota kama mfano kwa sababu ninaijua na kwa sababu ina historia kwetu. DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Toleo lake la kijeshi, C-47, ndilo Waingereza waliloliita Dakota. East African Airways ilianzishwa mwaka 1946 na ilizirusha Dakota kwa miaka mingi. Seti zake si adimu: Airfix na Italeri wote wametoa Dakota ya 1:72. Ndege halisi ina mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo modeli ni sentimita 40 hivi. Kiwiliwili chake kina upana wa sentimita 3 na ushee, na ndani ni uwazi mtupu ukiacha sakafu na chumba cha rubani. Kwa anayeanza kazi ya taa, nafasi hiyo ni neema. Tena Dakota hukaa kwa mkia, kwa hiyo uzito wa betri hauwezi kuiangusha kinyumenyume. Kama una Super VC10 ya 1:144, ile ya injini nne nyuma ambayo East African Airways ilianza kuitumia mwaka 1966, hesabu inageuka: modeli hiyo hupenda kukalia mkia na huhitaji uzito puani, basi betri iweke mbele, iwe taa na jiwe la mizani kwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote, jua taa zipi unaziwasha. Ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu, ya kulia ni kijani, na mkiani ni nyeupe. Kushoto na kulia ni kwa rubani aliyekaa kwenye kiti chake akitazama mbele. Mpangilio huu ulitoka kwenye meli ukaingia kwenye ndege. Mkataba wa usafiri wa anga uliosainiwa Paris mwaka 1919 tayari uliutaja, na haujabadilika hadi leo. Nimeshaona modeli nzuri kabisa, rangi imepigwa kwa ustadi, lakini nyekundu iko kulia. Kinachosababisha kosa hilo ni kwamba tunaunda tukiwa tumeigeuzia pua ya ndege kifuani kwetu. Chukua kalamu sasa hivi uandike K na L ndani ya mabawa kabla hujayagusa tena.

Ukishamaliza hizo tatu kuna madirisha ya abiria, na kuna chumba cha rubani. Dakota ina pia taa mbili kubwa za kutua zilizopachikwa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Ushauri wangu ni uziache zimezimwa. Ndege iliyoegeshwa haiziwashi, na hizo peke yake zingekula umeme kuliko taa zote nyingine pamoja.

Sasa turudi kwenye kaa la sigara, maana mjomba alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ukiitazama modeli ya 1:72 ukiwa umbali wa nusu mita, ni sawa na kusimama mita 36 kutoka kwenye ndege halisi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ili taa ya modeli ionekane na nguvu ileile, uigawe kwa 72 mara 72, yaani 5,184. Kanuni za Marekani za ndege kubwa za abiria zinataka taa ya bawani itoe angalau kandela 40 moja kwa moja mbele, na ya mkiani kandela 20 nyuma. Gawanya 40 kwa 5,184, upate kandela 0.0077, karibu milikandela 8. Ya mkiani ni milikandela 4. Linganisha na LED nyekundu ya milimita 5 inayouzwa dukani: nyingi hufikia maelfu ya milikandela zikipewa mkondo wao kamili wa miliampea 20. Mimi nilikuwa nimezipa zangu mkondo huo kamili. Bawa la Dakota yangu lilikuwa limebeba mnara wa taa za baharini.

Siku hizi taa za bawani nazipa nusu miliampea, na mara nyingine hata hiyo ni nyingi. Za chumba cha abiria nazipa miliampea 1 kila moja, na ziko mbili. Chumba cha rubani kinapata theluthi ya miliampea. Jumlisha zote na ya mkiani, hufiki miliampea 4.

Kwa mzigo huo mdogo, betri ninayoipenda ni ile bapa ya mviringo iitwayo CR2032, iliyomo kwenye ramoti nyingi za gari. Ina kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2, volti 3, na akiba ya miliampea-saa 220 hivi. Tumia mbili, moja juu ya nyingine, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyenzake, upate volti 6. Wengi hutumia moja, kisha hulalamika kwamba baada ya siku chache taa nyeupe zimefifia wakati nyekundu bado inawaka. Kisa ni hiki: LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi ili iwake, na betri moja ikishuka kidogo tu chini ya hapo haina cha kuipa. Ukiwa na volti 6 una nafasi ya kupoteza. Akiba ya miliampea-saa 220 ukiigawa kwa miliampea 4 ni saa 55 kwa hesabu ya karatasi. Mimi hutegemea 40. Kwa saa 2 kila jioni, hizo ni karibu wiki 3.

Kama modeli yako itawaka muda mrefu zaidi, betri 3 nyembamba za AAA zikifungwa pamoja kama mafiga hutengeneza fungu la kipenyo cha milimita 23 na urefu wa sentimita 4 na nusu. Fungu hilo linaingia tumboni mwa Dakota ukiondoa sakafu, na linakupa saa zaidi ya 200. Lakini lina uzito wa gramu 35 hivi juu ya miguu ya plastiki, na litaonekana madirishani usipoliziba. Mimi huwashauri watu waanze na zile bapa.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonichosha zaidi nilipoanza, kwa hiyo nitakaa hapo. Kila LED iwe na rezista yake, kile ambacho vitabu vya shule hukiita kikinzani. Mimi mara ya kwanza niliziunganisha LED zote sambamba nikaweka rezista moja kwa zote, nikidhani ninaokoa nafasi. Nyekundu ikawaka kama moto, kijani na nyeupe zikabaki giza tupu. Nilizibadilisha mara tatu nikiamini ni mbovu. Hazikuwa mbovu. LED nyekundu hufunguka kwa volti 2 hivi, nyeupe na kijani ya kisasa kwa volti 3. Zikiwa zimeshikana pamoja, umeme wote hupita mlango uliofunguka kwanza, na volti haipandi tena kufikia kiwango cha zile nyingine. Mpe kila mmoja mlango wake.

Hesabu yenyewe haizidi ya darasa la saba. Toa volti za LED kwenye volti za betri, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka, ukiuandika kwa ampea. Nyekundu ya bawani: 6 toa 2 ni 4, gawanya kwa 0.0005, unapata omu 8,000. Dukani utapata ya 8,200, chukua hiyo. Kijani: 6 toa 3 ni 3, gawanya kwa 0.0005, ni omu 6,000. Chukua ya 6,800. Nyeupe ya abiria kwa miliampea 1 inatoka omu 3,000, na ya 3,300 inafaa. Tahadhari moja kuhusu kijani: zile za zamani zenye kijani cha kuelekea manjano huwaka kwa volti 2 kama nyekundu. Pima kwa mita kabla ya kuamini. Na kabla ya kuamua lolote, washa kila LED na rezista yake mezani, zima taa ya chumba, rudi nyuma hatua mbili, uangalie. Kama jicho linavutwa na taa kabla ya kuiona ndege, ongeza omu.

Vifaa hivi usiviagize mbali kabla hujamtembelea fundi simu wa mtaani kwako. Yeye ana waya wa jampa, ule mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, unaofanana na unywele, na huo ndio unaopita ndani ya bawa la modeli bila kuonekana. Ana chuma cha kulehemu chenye ncha kali kama sindano. Ana pia simu zilizokufa, na chini ya vibonyezo vya simu za zamani kuna LED ndogo kama punje ya mchanga. Kikalio cha betri ya CR2032 kimo kwenye ubao mkuu wa kompyuta mbovu. Karibu kila ubao huwa na kimoja kwa ajili ya kutunza saa. Sumaku ndogo yenye nguvu imo kwenye spika za masikioni zilizokatika. Ukikosa hapo, Kariakoo au barabara ya Luthuli kule Nairobi hutakosa. Mafundi hawa pia ni walimu wazuri. Mimi kulehemu LED ya milimita 1 nilifundishwa na kijana wa kibanda cha simu, kwa soda mbili na mchana mmoja.

Kuhusu kulehemu: usilehemu kamwe ndani ya modeli. Plastiki ya seti hizi hulainika kwenye joto la nyuzi 100 hivi, na lehemu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183. Chuma kikigusa ukuta wa kiwiliwili hata kwa bahati mbaya, umepata tundu ambalo hakuna msasa utakaolifuta. Unganisha kila kitu juu ya kigae au kipande cha mbao, kisha uingize mtandao mzima ukiwa umekamilika. Ule waya wa jampa una vanishi inayozuia umeme, kwa hiyo ikwangue ncha au iache ndani ya tone la lehemu ya moto hadi vanishi iungue. Kila kiungo ukipake rangi ya kucha, mikono miwili ya rangi, ili waya zisigusane. Halafu uache mtandao huo ukeshe. Namaanisha hivyo hasa: betri ndani, taa zote zikiwaka, usiku mzima, kabla hujaziba chochote. Kiungo kibovu hujitokeza asubuhi, na asubuhi hiyo bado unaweza kukifikia.

Plastiki ya modeli hupitisha mwanga. Ukiweka taa ndani ya kiwiliwili bila maandalizi, ndege nzima itang'aa kama kandili ya karatasi, na kila ungio litatoa mstari wa moto. Paka ndani rangi nyeusi kwanza, pande zote mbili za kiwiliwili, hadi kwenye kingo za madirisha. Ikikauka, paka nyeupe juu yake ili mwanga urudi ndani ya chumba cha abiria. Watu huruka hatua ya nyeusi wakiamini rangi ya nje itaficha. Haifichi. Rangi ya Dakota ya abiria nje ni fedha na nyeupe, na zote mbili zikipakwa nyembamba huvuja. Fanya jaribio gizani baada ya nusu mbili kushikizwa kwa tepu, weka alama ya penseli kila unapoona mwanga, fungua, ziba.

Vipande vya kioo usivigundishe kwa supa gluu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na ukungu huo ukiwa na taa nyuma yake huonekana mara mbili. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Hukauka ikawa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Taa za ndani zisitazame madirisha. Geuza LED mbili zitazame dari au ukuta wa nyuma, mwanga upige kwenye ile rangi nyeupe kisha ushuke kwa wepesi. Chagua nyeupe ya joto, ile ya kuelekea manjano, maana ndege hizi zilitumia balbu za waya wa moto, na nyeupe ya buluu ya siku hizi huifanya Dakota ionekane kama duka la dawa. Kama unayo ya buluu tu, ipake tone la rangi angavu ya Tamiya, X-24 ya manjano au X-26 ya chungwa. Kisha fanya jambo moja dogo linaloleta uhai: kata vichwa na mabega ya watu kutoka kwenye kadi nyeusi, uviweke kwenye dirisha moja hapa na jingine pale. Ndege isiwe imejaa. Abiria wanne kwa upande mmoja, mmoja ameegemea kioo, na mtu yeyote anayeisogelea ataanza kujiuliza wanakwenda wapi, Tanga au Unguja.

Chumba cha rubani weka LED moja nyekundu iliyofifia sana, nyuma ya ubao wa vipimo. Marubani walitumia mwanga mwekundu usiku ili macho yao yasipoteze mazoea ya giza. Ukiiona nyekundu hiyo waziwazi, imezidi. Inatakiwa ugundue kwamba ipo.

Ncha za mabawa ndizo zenye ufinyu. Tuseme kioo cha taa halisi ni sentimita 5: kwa skeli yetu kinakuwa milimita 0.7. LED ya umbo la 0603, yenye milimita 1.6 kwa 0.8, ni sawa na kufunga taa ya sentimita 11 na nusu kwenye bawa halisi. Umbo la 0402, milimita 1 kwa nusu milimita, linakaribia ukweli, na waya wa jampa utapita ndani ya bawa bila taabu. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga, zile zilizomo kwenye taa za mapambo zinazofanana na ufagio. Uzi wa milimita 0.75 hutoka tumboni hadi ncha ya bawa, LED yenyewe ikiwa imekaa salama karibu na betri ambako unaweza kuibadilisha. Usiupinde kwa kona kali, utavunjika kwa ndani na mwanga utaishia hapo. Ncha yake ya nje isogeze karibu na kijiti cha udi kinachowaka, bila kugusa: plastiki itajikunja kidogo na kuvimba kama kichwa cha pini, na hicho ndicho kioo chako cha taa. Kipake tone la X-27 nyekundu au X-25 kijani, hata kama LED ina rangi tayari, ili mchana taa ikiwa imezimwa rangi ibaki.

Swichi. Hapa nakuomba uachane na kitufe. Kitufe huhitaji tundu, na kila ukikibonyeza unaisukuma ndege kwenye miguu yake myembamba. Tafuta swichi ya sumaku: kibomba kidogo cha kioo chenye ndimi mbili za chuma ndani, zisizogusana mpaka sumaku isogee karibu. Ifunge ndani ya tumbo, ilale juu ya plastiki ya chini. Kisha utengeneze ubao wa kuegeshea ndege, mbao ya kawaida iliyopakwa rangi ya lami, na chini ya pale tumbo linapokaa ufiche ile sumaku ya spika ya masikioni. Ukiiweka Dakota kwenye kituo chake, taa zinawaka zenyewe. Ukiinyanyua, zinazima. Hakuna nilichowahi kukitengeneza kilichonifurahisha kama kitendo hicho kimoja. Kwa Dakota, tumbo limeinuka juu ya magurudumu, kwa hiyo sumaku utaipandisha ndani ya kitu kinachoificha: mimi hutumia ngazi ya fundi au mapipa mawili ya mafuta chini ya ndege, yametazamana na swichi. Geuza sumaku pande zote kabla ya kuigundisha, kwani ikilala vibaya haifungi ndimi hata ikiwa karibu. Na unapoukunja mguu wa swichi hiyo, ushike kwa kibano karibu na kioo, ukunje kuanzia pale kibano kilipo, la sivyo kioo kitapasuka.

Ile Dakota ya kwanza niliiziba kabisa. Nilipopaka rangi na kubandika chapa za shirika, betri ilikuwa ndani na mlango haukuwepo. Ilipokwisha nililazimika kuikata tumbo kwa msumeno wa uzi, kwenye kazi ya miezi minne. Panga mlango wa betri kabla ya kufungua gundi. Kwenye Dakota, sehemu nzuri ni chini, katikati ya magurudumu, ambako kipande cha bawa la chini hukutana na tumbo. Mistari ya mabati ya ndege halisi ipo pale tayari, ukikata juu yake kifuniko kinapotelea kwenye mistari. Wengine hukishika kifuniko kwa sumaku mbili. Mimi nimeacha njia hiyo, na sababu yake sitaki uipitie haraka.

Betri hizi bapa ni hatari kwa mtoto mdogo kuliko anavyodhani mzazi yeyote. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, mkondo wake huchoma nyama ya koo ndani ya saa 2, na inaweza kuua. Modeli yenye taa ndiyo kitu cha kwanza mtoto wa miaka miwili atakachotaka kushika. Kwa hiyo kifuniko kifungwe kwa skrubu, hata moja ndogo ya simu au ya miwani, na betri za akiba zikae juu ya kabati ndani ya pakiti yake, na zile zilizokwisha zisilale mezani hata dakika moja, kwa sababu iliyokwisha kwa taa bado ina umeme wa kuchoma. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, nenda hospitali wakati huohuo. Usingoje dalili, usimtapishe.

Modeli ikienda kukaa boksini kwa miezi, toa betri. Zile za AAA huvuja maji yanayokula shaba, na waya mwembamba kama unywele hauna cha kujitetea. Zile bapa hazivujishi sana, ila hukaa pale zikipungua bila wewe kujua.

Jambo la mwisho ni penseli. Kila unapobadilisha betri, andika tarehe ndani ya kifuniko. Baada ya tarehe tatu au nne utajua kwa hakika modeli yako inakula kiasi gani, na siku muda utakapofupika ghafla utajua kuna kiungo kinachovujisha umeme kabla hakijaharibu kitu. Dakota yangu ya kwanza, ile niliyoikata tumbo, niliifumua yote, nikabadilisha kila rezista, nikairudishia na kifuniko cha skrubu. Iko Magomeni, juu ya redio, kwenye kipande chake cha lami. Tarehe za mwanzo kwenye kifuniko ni mwandiko wangu. Zilizofuata zote ni za mjomba.